Kipande

Nilikuwa karani wa matita, kitalu namba saba,
penseli sikioni, daftari kwapani,
majani thelathini kwa tita, si ishirini na tisa.
Ukileta ishirini na tisa nakurudisha nayo na umande wako.
Mkonge una mwiba mweusi kwenye ncha;
mimi nilikuwa nao kwenye ulimi.

Jumapili moja, kanisa la bati, huku Muheza,
Mwinjilisti Yoeli Semboja akasimulia
habari ya mwenye shamba la zabibu na vibarua wake:
walioanza alfajiri, walioanza saa tatu,
na wale walioingia saa kumi na moja
jua limeshachoka.
Wote, dinari moja moja.

Manamba wakacheka. Ntiruhungwa, Muha wa Kasulu,
ambaye jina lake sikuwahi kuliandika bila kukosea,
alicheka hadi akashika benchi la mbele yake.
Mimi sikucheka. Nilikuwa napiga hesabu
kwenye jalada la kitabu cha nyimbo.

Baada ya ibada nikamfuata.
"Mwinjilisti, nipe maana. Umetutupia jani zima,
bichi, linachuruzika. Sisi huku tuna korona:
jani huingia, nyuzi hutoka. Nitolee nyuzi."

Akakitazama kiatu changu, akaitazama penseli.
"Umekasirika?"
"Sana."
"Basi mfano umeshaanza kazi."
Akapanda baiskeli yake isiyo na breki, akaenda zake.

Nilimchukia wiki nzima.
Nikasema, Yesu naye, kama alikuwa na neno,
mbona hakulibandika ukutani kama tangazo la mshahara?
Lakini matangazo niliyoyasoma ni mengi
na sikumbuki hata moja.
Zabibu, ambazo sijawahi kuzionja,
zilinifuata kwenye mistari ya mkonge
zikanitangulia hadi mezani.

Usidhani ziliniongoa.
Jumatano ile ile Ntiruhungwa alichelewa,
homa imemkausha midomo.
Akaleta matita arobaini; siku ilitaka sabini.
Kwenye kipande chake sikuweka kitu.
Kisanduku cha tarehe kumi na nne kikabaki cheupe.
Hakubisha. Alisema tu,
"Karani, leo mimi ni wa saa kumi na moja,"
akatabasamu, meno yakigongana.

Kisha ikaja nailoni, bei ya katani ikaanguka,
korona ikanyamaza, popo wakahamia.
Nikawa nasimama sokoni toka asubuhi
na wanaume wengine, mikono mfukoni,
tukiyatazama malori ya machungwa.
Siku moja, saa kumi na moja
(saa ya Injili na saa yetu kumbe ni moja,
zote huanza kuhesabu jua linapochomoza),
mwenye lori, Bi Mwanahawa, akaniita kwa kidole.
Nikapakia magunia sita.
Akanilipa ya magunia sita.
Haki tupu, haikupungua senti.
Nikazihesabu mara mbili, zikawa sawa mara mbili,
nikaketi juu ya tenga bovu
nikalia kama mtu aliyeibiwa.

Semboja ameshakufa. Sina wa kumuuliza
kama hiyo ndiyo maana, au ni mlango wake tu.
Wapo wanaohubiri haraka haraka:
tajiri ni Mungu, dinari ni wokovu, tusimame tuimbe.
Nawasikiliza. Nyuzi zao nyeupe, zimechanwa vizuri.
Ila mimi nimefanya kazi kule, najua
kinachomwagika nyuma ya korona,
yale maji ya kijani
ambayo asubuhi yalikuwa jani.

Juzi nilifungua sanduku la bati,
vipande vya zamani ofisi ilivyosema nivichome.
Chake kilikuwa chini kabisa, mende wamekitafuna pembe,
jina limekosewa kwa mwandiko wangu.
Kisanduku cha kumi na nne, cheupe bado.

Nikaitafuta penseli. Butu. Nikainoa kwa kisu.
Mkono siku hizi unatetemeka, mstari haukunyooka,
na kampuni haipo, na yeye sijui yuko wapi.
Nikamwekea vema.